Bi Mosi Ashona Shamba

Siku cherehani ilipopanda mlima, Bi Mosi alikuwa mlangoni pake amenyoosha miguu, anasuka ukili. Ukindu ulikuwa umelowekwa tangu asubuhi katika chungu kilichovunjika mdomo, naye alikuwa akichomoa chane moja moja, anaipitisha katikati ya vidole kuikamua maji, kisha anaitia kwenye msuko. Ulikuwa mwaka wa tatu tangu gari la moshi la Wadachi lifike Morogoro. Ukungu ukiondoka, ungeweza kuuona moshi wake kule bondeni ukijikokota kwenda Mikese. Bi Mosi hakuwa na habari nao. Haraka yake ilikuwa kumaliza mkeka kabla mwezi haujaandama, maana mwezi ukiandama, nusu ya shamba lake ilikuwa si yake tena.

Mambo yalikuwa hivi. Bwana Misitu, yule Mdachi mwenye kofia ya kizibo, alikuwa amepita mlimani na watu wake wakalima ukanda wa hatua nne kwa upana, wakaukata mgongo wa mlima kutoka korongo hadi korongo. Kila baada ya hatua hamsini wakarundika mawe, wakayapaka chokaa. Juu ya mawe ni msitu wa serikali, alisema, na chini ya mawe ni watu, na walio juu watoke kabla mwezi haujaandama. Ukanda ukapita katikati ya shamba la Bi Mosi. Kule juu yakabaki maharage yaliyokuwa yameanza kutoa maua, migomba, magimbi, na kaburi la mama yake.

Bwana Misitu aliuliza shamba ni la nani. Bi Mosi akafungua kinywa, lakini karani alikuwa ameshaandika jina la mumewe, Mwinjuma.

"Mimi nimeoa tu hapa, bwana," alisema Mwinjuma. "Shamba ni la ukoo wao. Alipewa na mama yake, na mama yake alipewa na mama yake."

Likaandikwa vilevile la Mwinjuma.

Bi Mosi hakuwa mtu wa tamaa. Alitaka avune maharage yake kama miaka yote, na siku yake ikifika alazwe ubavuni mwa mama yake, basi. Hata hilo lilikuwa limewekewa mawe.

Sasa huyo mwana wao, Rehani, alikuwa fundi wa kushona huko mjini, ana baraza yake mbele ya duka la Mhindi. Aliposikia habari za ukanda hakulala, akafikiri kama wanavyofikiri watu wa mjini. Akapanda mlima na wapagazi wawili, mmoja amebeba kichwa cha cherehani, mwingine miguu yake ya chuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huo mzigo gani unaowatoa watu jasho?"

"Cherehani, mama. Shamba la juu limeshakwenda, na la chini peke yake halitawashibisha. Nimewaletea kazi ya kufanya mmekaa."

Mwinjuma akatoa kichwa mlangoni. "Kazi ya kukaa mimi niliianza zamani," alisema. "Mfundishe mama yako."

Rehani alikaa nao siku tisa. Tusidanganyane, zilikuwa siku ngumu. Kumfundisha mtu aliyekufundisha kutembea kunataka moyo, na Rehani, Mungu amsamehe, moyo huo alikuwa nao asubuhi tu. Ikifika adhuhuri alikuwa anafoka.

Kwanza kulikuwa na suala la goti. Goti la kulia la Bi Mosi lilikuwa na maumivu ya miaka sita na halikukubali kukanyaga kanyagio. Basi Mwinjuma akavuta kigoda, akakaa pembeni, akawa anakanyaga yeye, huku mkewe akiongoza kitambaa.

"Haiwi hivyo popote," alisema Rehani. "Cherehani ni ya mtu mmoja."

"Sisi tumekaa pamoja miaka arobaini," alisema Mwinjuma. "Tumeshakuwa mtu mmoja, na huyo mmoja mwenyewe hajatimia. Tuache."

Kisha likaja suala la maji. Kila Rehani alipogeuza kisogo, mama yake alichovya marekani katika kile chungu cha ukindu, akaikamua, ndipo akaiweka chini ya sindano.

"Mama! Unalowesha kitambaa! Chuma kitashika kutu!"

"Kikavu kitakatika."

"Huu si ukindu, mama!"

"Nimekusikia," alisema Bi Mosi, akaendelea kukilowesha. Mikono ilikuwa na mazoea yake, na mazoea hayo yalikuwa na umri mkubwa kuliko Rehani.

Tena hakutaka kupandanisha vitambaa. Rehani alimwonyesha mara ishirini kwamba kipande hulazwa juu ya kipande. Yeye aliviweka ukingo kwa ukingo kama anavyounga ukili wa mkeka, akavishona hivyo, na vikashika. Rehani akavuta kwa nguvu zake zote, havikuachia. Wala mama yake hakukata uzi wa mwanzo. Aliuacha unaning'inia vidole vinne, kwa sababu msusi wa mikeka hakati mwanzo wake. "Uchafu huu, mama," alisema Rehani, akawa anaukata mwenyewe.

Siku ya tano Bi Mosi alishona kivuli cha mumewe. Jua lilikuwa limeingia kwa upande, kivuli kikalala juu ya kitambaa, naye akakipitisha pamoja na pindo. Mwinjuma alipotaka kuinuka kwenda chooni, hakuinuka. Rehani akachukua wembe akafumua, taratibu, tundu moja moja, akimlaumu mama yake kwa kutotazama anachoshona. Kivuli kikatoka kizima, ila pembeni kilikuwa na matundu madogo ya sindano, na yakabaki.

"Mngeniuliza na mimi kama nabanwa," alisema Mwinjuma aliporudi.

Siku ya kumi Rehani aliwaachia mabunda mawili ya uzi mweupe, akateremka mjini akiwa amechoka na ana huzuni. Moyoni alijua wazee wake hawatashona kitu cha kuvaliwa na mtu.

Na kweli, hawakushona. Bi Mosi alijaribu kanzu, ikatoka na shingo mbili. Akaiweka kando, akakaa akatazama njia ya kisimani, ambayo ilikuwa na kona saba na ilimtesa goti kila siku ya Mungu. Yalikuwa yamenyesha manyunyu na njia ilikuwa laini. Akamwita mumewe wakaibeba cherehani, wakaishusha pale kona ya tatu. Akainua ukingo wa njia, akaukutanisha na ukingo wa kona ya tano, akashona. Kona mbili zikaingia ndani ya pindo. Kuanzia hapo ukienda kisimani unapinda mara tano tu, na maji yanafika nyumbani bado yana baridi.

Jirani yake, Agnes, mke wa Severini wa kule kwenye njia ya misheni, alikuja kulalamika.

"Dada Mosi, kona ya nne ndiyo niliyokuwa napumzikia."

"Nitakutolea kigoda."

"Basi sawa," alisema Agnes. Akaitazama njia, akamtazama Bi Mosi, akalitazama lile shamba lililokatwa huko juu. "Uzi unao wa kutosha?"

Hapo ndipo Bi Mosi alipopata furaha ya kwanza tangu mawe yawekwe. Ilimjia kifuani ghafla hata akakaa chini. Akamwambia Agnes, "Ninao. Kinachokosekana ni mvua."

Maana ardhi nayo, ikiwa kavu, hukatika. Alijua hivyo bila kuambiwa. Akasubiri. Mwezi ulikuwa umebakiza siku sita kuandama, ikawa tano, ikawa nne, na mbingu ilikuwa safi tu kama sahani iliyooshwa. Mwinjuma alianza kulitazama anga kwa hasira. Siku ya tatu kabla ya mwezi, ukungu ukashuka kutoka kilele cha Bondwa, mvua ikanyesha mchana kutwa na kesho yake, na udongo wa Uluguru ukalegea barabara.

Asubuhi ya siku ya mwisho wakapanda. Mwinjuma alibeba kichwa cha cherehani, akapumzika mara nne. Agnes alibeba miguu. Bi Mosi alibeba uzi, chungu cha ukindu na goti lake. Wakaisimamisha cherehani katikati ya ukanda wa Bwana Misitu, baina ya marundo mawili ya mawe, na Mwinjuma akakaa kwenye kigoda.

"Polepole," alisema Bi Mosi. "Na usikanyage kinyumenyume."

"Toka lini nikakanyaga kinyumenyume?"

"Juzi."

Akainama akashika ukingo wa shamba la chini, akauinua kama mtu anavyoinua ncha ya mkeka kufagia chini yake. Mizizi ya mahindi ikaning'inia. Akauingiza chini ya kile kimguu cha chuma kinachobana kitambaa. Kisha akauvuta ukingo wa shamba la juu na maharage yake, akauleta ukingo kwa ukingo. Ukanda ukajikunja kuelekea chini, na mawe yake ndani. Mwinjuma akakanyaga. Sindano ikaingia udongoni ikatoka, ikaingia ikatoka. Fuko mmoja alitokeza kichwa kuona kuna nini, akarudi ndani.

Uzi wa Rehani uliisha walipofika nusu. Bi Mosi akavuta chungu karibu. Akachukua chane za ukindu, akazichana nyembamba, akazitunga kwenye sindano, kazi ikaendelea. Kiuno kilimuuma. Goti lilimuuma. Alikuwa akiimba kwa sauti ya puani wimbo ambao wanawake wa ukoo wao huuimba wakati wa palizi, na Agnes, ambaye ni wa ukoo mwingine, akawa anaitikia.

Kufika alasiri wakawa wamemaliza. Mstari wa mahindi ulikutana na mstari wa maharage. Bi Mosi akatembea kutoka shamba la chini hadi shamba la juu, na hapakuwa na ukanda wa kuvuka. Akaenda moja kwa moja hadi kaburini, akang'oa magugu matatu yaliyokuwa yameota, akasema, "Mama, nimekuja." Akalia kidogo, kwa raha yake. Kisha wakanywa uji.

Mwezi ukaandama. Siku ya pili Bwana Misitu akaja na askari wawili na karani wake, Leonard, kuhakikisha kwamba watu wametoka juu. Alipanda kupitia mahindini, akiyatafuta mawe yake. Akatoka mahindini akaingia maharageni. Akarudi nyuma. Akatoa mnyororo wa kupimia, askari wakaunyoosha. Kutoka rundo la korongo hili hadi rundo la korongo lile palikuwa na shamba moja zima.

"Nani ameshona hapa?" aliuliza. Kiswahili alikijua.

"Mimi," alisema Bi Mosi.

"Mpaka wa serikali uko wapi?"

"Upo, bwana. Hatukuchukua kitu cha mtu. Uko kwa ndani. Ukitaka, tia mkono."

Bwana Misitu akavua glavu, akapiga goti, akapenyeza mkono katika mshono mpaka kiwiko. Akapapasa. Akautoa, na vidole vilikuwa vyeupe kwa chokaa. Akavifuta kwa kitambaa, akamwambia Leonard aandike kwamba mpaka upo.

"Lakini ufumuliwe," alisema. "Nakupa siku saba. Usipofumuliwa, na shamba la chini nalo litakuwa msitu."

"Mimi najua kushona tu, bwana. Kufumua sijafundishwa."

"Basi nitamleta anayejua."

Siku ya saba akamleta. Mjini kulikuwa na fundi mmoja aliyesifiwa na wake wa Wadachi wote kwa kufumua gauni bila kuliachia alama, na askari walikuwa wamemtoa barazani pake na wembe wake mkononi. Bi Mosi alimwona kwa mbali akipanda katikati yao, akamjua kwa mwendo.

"Shikamoo mama," alisema Rehani. "Shikamoo baba."

"Marahaba," walisema wote wawili.

Rehani akatazama shamba. Alikuwa ameambiwa njiani ni kazi gani, lakini kuambiwa na kuona ni mbali. Akatembea juu ya mshono huku na huku, akauinamia, akaukandamiza kwa kidole gumba.

"Mama, umelowesha," alisema kwa sauti ya chini.

"Nimelowesha."

Bwana Misitu akawekewa kiti. Rehani akapiga magoti, akaanza upande wa korongo la mashariki. Kila fundi anajua kwamba mshono haufumuliwi katikati. Unatafuta mwanzo, unavuta, na wenyewe unakufuata. Akaenda hivyo kwa magoti, pua karibu na udongo, wembe mkononi. Jasho lilimtiririka. Aliogopa. Kama angekataa, angefungwa, na viboko vingehesabiwa mgongoni mwake. Kama angefumua, mama yake angemtazama hivihivi alivyokuwa anamtazama sasa, na hangesema kitu maisha yake yote. Rehani aliogopa hilo kuliko viboko.

Chini ya jani la gimbi akauona. Ulikuwa uzi wake mweupe, umening'inia vidole vinne, kama siku zote zile tisa alizogomba. Palihitajika kuvuta tu.

Bi Mosi aliona mwanawe amesimamisha mkono, akajua ameuona. Mwinjuma naye alijua. Agnes, aliyekuwa amesimama kwenye migomba, akafanya ishara ya msalaba.

Rehani akainama zaidi, kama fundi anayetaka kutazama kwa karibu. Akaufikisha mdomo pale, akaukata uzi kwa meno, usawa na udongo, kama anavyofanya kila fundi nguo ikiwa tayari kuvaliwa. Kipande akakimeza. Akamaliza mshono wote mpaka korongo la magharibi, bila haraka, ndipo akasimama akakung'uta magoti.

"Bwana, mshono huu hauna mwanzo," alisema. "Hauwezi kufumuka. Aliyeushona amenizidi."

"Wewe si ndiye fundi mkubwa wa mji?"

"Nilikuwa mimi."

"Na huyu bibi kajifunza wapi?"

"Nilimfundisha mwenyewe," alisema Rehani, na sauti ikampasuka kwa furaha asiyoweza kuizuia. "Siku tisa, bwana. Na alikuwa mbishi!"

"Mwongo," alisema Bi Mosi. "Mbishi alikuwa baba yako."

Mwinjuma akacheka mpaka akakohoa, na askari mmoja akageukia korongoni ili asionekane naye anacheka.

Bwana Misitu akachukua daftari la Leonard, akalifungua. Hakuwa ameshangaa, alikuwa amekereka, kama mtu aliyekuta kosa katika hesabu jioni ya siku ya mapumziko. Hakuweza kuandika kwamba mpaka wa serikali umepotea, kwa sababu alikuwa ameugusa. Hakuweza kuandika kwamba shamba la chini limekuwa msitu, kwa sababu halikuwa na mahali lilipoishia. Mwisho akamwamuru Leonard aandike kwamba mpaka uko mahali pake, upana hatua nne, mawe yote yapo, na juu ya mpaka hakuna mtu. Akatia sahihi, akavaa glavu, akateremka.

Ramani iliyotundikwa ukutani bomani haikuguswa. Mstari mwekundu ulikuwa palepale. Bi Mosi na mumewe walimshonea Agnes shamba lake, lililokatwa na ukanda vilevile, wiki ileile, kabla udongo haujakauka, lakini watu wa ng'ambo ya korongo walikuwa wameshashushwa mabondeni na nyumba zao zimechomwa, na mtu akishaondolewa hakuna ukingo wa kushika. Msitu ukaota kwenye mahindi yao. Wengine walikwenda hadi Dakawa, na habari zao hazikupanda tena mlimani.

Bi Mosi alivuna maharage mwaka ule, yakajaza vikapu kumi na viwili. Alivuna na mwaka uliofuata. Na kila mwaka, mwezi uleule, Leonard alipanda mlima na barua yenye muhuri wa tai. Alimkuta Bi Mosi katikati ya maharage, karibu na kaburi la mama yake, akasema "Shikamoo bibi," akavua kofia, akaifungua barua, akaisoma kwa sauti kama alivyoamriwa. Ilimwarifu Bi Mosi kwamba juu ya mpaka hakuna shamba, hakuna kaburi, wala hakuna mtu wa jina hilo.

Bi Mosi aliisikiliza mpaka mwisho, jembe begani. Kisha aliuliza hali ya watoto wa Leonard, akamjazia mfuko maharage mabichi, akamwambia apite njia ya kisimani, ile nyingine ina utelezi. Leonard alishukuru, akateremka nayo. Jioni yalipikwa bomani, na Bwana Misitu akala, akaomba aongezewe.